Kutoka Njia ya Misafara hadi Stesheni ya Bukene: Historia ya Maneno ya Kila Siku ya Kinyamwezi na Uhai wa Utamaduni Wake

1.0 Utangulizi

Bukene ni mji mdogo wa stesheni katika Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Jina lake linaanza na kiambishi bu-, ambacho katika Kinyamwezi hutumika, pamoja na mambo mengine, kutaja nchi au himaya ya utemi. Kiswahili sanifu kimebaki na u- peke yake mahali hapo. Ndiyo maana Bunyanyembe ya wenyeji imeandikwa Unyanyembe katika vitabu vya historia, na bugali wa jikoni umekuwa ugali. Jina la Bukene halikupita katika badiliko hilo. Msafiri anayelisoma kwenye kibao cha stesheni husoma neno la Kinyamwezi katika umbo lake, hata kama hajui kwamba anafanya hivyo.

Insha hii inachunguza historia ya maneno ya kawaida ya Kinyamwezi, yaani maneno ya salamu, ya chakula, ya mielekeo ya nchi na ya ulinzi wa jamii, na uhusiano wake na uhai wa utamaduni wa Wanyamwezi. Hoja yake kuu ni kwamba neno la Kinyamwezi halikufifia kwa sababu lilipigwa marufuku. Lilififia pale ambapo shughuli iliyolibeba ilihamia katika lugha nyingine, na lilirudi pale ambapo shughuli hiyo ilirudi mikononi mwa wenyeji. Hivyo basi, kuhifadhi neno katika kamusi na kuliweka neno hai ni kazi mbili tofauti, na kuzichanganya kumekuwa kosa la muda mrefu katika uhifadhi wa lugha za jamii.

2.0 Barabara iliyosafirisha lugha

Kuenea kwa Kiswahili katika Unyamwezi hakukuanza na serikali. Mapema katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikuwa imekwisha kufika pwani ikiwa na pembe za ndovu, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawajaweka makao ya kudumu Kazeh, mahali palipokuja kuwa sehemu ya mji wa Tabora. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuta kituo ambacho tayari kilikuwa njia panda: magharibi kuelekea Ujiji, na kaskazini kuelekea ziwa ambalo Speke alilifikia mwaka 1858 akiambatana na wapagazi wa njia hiyo.

Upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Maandishi ya wasafiri wa wakati ule yanaonesha kwamba safari ya pwani ilihesabiwa kuwa sehemu ya kukomaa kwa kijana. Aliyerudi alirudi na nguo, ushanga, majina mapya na maneno mapya. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, amewaita wapagazi hao wabebaji wa utamaduni, kwa maana kwamba mizigo yao haikuwa bidhaa tu. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, kama vile Wagogo na Wazaramo, ulistawi katika mazingira hayo ya kupeana chakula, maji na hifadhi.

Jambo hili lina uzito katika tathmini ya hali ya leo. Kiswahili kiliingia Unyamwezi kwa mabega ya Wanyamwezi, kikawa lugha ya barabara, ilhali Kinyamwezi kikabaki lugha ya kaya, ya shamba na ya baraza la mtemi. Lugha mbili ziligawana kazi, na kwa miongo mingi mgawanyo huo haukuwa na mshindi. Tena mkondo wa maneno haukuwa wa upande mmoja. Neno ikulu, ambalo kila Mtanzania hulitumia kutaja makao ya Rais, limetoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, ambako lilitaja makao ya mtemi.

3.0 Shule, reli na kuhama kwa shughuli

Mgawanyo huo ulivurugika kwa hatua. Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili katika uendeshaji wa ngazi za chini. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la kwenda Mwanza, linalopita Bukene, lilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Stesheni ilileta tiketi, mizani, duka na karani, na vyote hivyo vilizungumza Kiswahili. Elimu ya msingi nayo ilifuata Kiswahili, na usanifishaji ulioanza mwaka 1930 ukaipa shule lugha yenye vitabu.

Baada ya uhuru, mabadiliko mawili yaligusa kiini cha matumizi ya Kinyamwezi. La kwanza ni kufutwa kwa mamlaka ya watemi mwaka 1963. Baraza la mtemi lilikuwa mahali ambapo mashauri ya ng'ombe, ndoa na mipaka yalisemwa kwa Kinyamwezi fasaha, kwa methali na kwa istilahi zake. Mashauri hayo yalipohamia mahakama za mwanzo, istilahi zake zilibaki bila kazi. La pili ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyokusanya kaya zilizotawanyika na kuzifanya zikutane katika mikutano ya kijiji, ambako kumbukumbu na barua ziliandikwa kwa Kiswahili.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyomkataza mtu kusema Kinyamwezi nyumbani kwake. Hapo ndipo ugumu wa historia hii ulipo. Marufuku huzaa ukinzani, na ukinzani huacha kumbukumbu. Kuhama kwa shughuli hakuachi kumbukumbu, kwa kuwa kila familia huona kwamba imefanya uamuzi wake yenyewe, na uamuzi wenye manufaa kwa watoto.

4.0 Kamusi zilizo mbali na wenyewe

Kinyamwezi ni miongoni mwa lugha za Tanzania zilizoandikwa mapema. Askofu Edward Steere wa Zanzibar alikusanya maelezo ya lugha hii kama ilivyosemwa Unyanyembe. Carl Velten alichapisha sarufi mwaka 1901. Mmisionari wa Moravian, Edmund Dahl, alichapisha kamusi huko Hamburg mwaka 1915. Fridolin Bösch wa Wamisionari wa Afrika aliandika juu ya Wanyamwezi kwa Kifaransa mwaka 1930. Clement Maganga na Thilo Schadeberg walitoa sarufi, matini na msamiati kwa Kiingereza mwaka 1992, kazi iliyochapishwa Köln.

Jina la Dahl limebaki katika isimu kwa sababu nyingine. Kanuni ya sauti aliyoibaini, inayoitwa Kanuni ya Dahl, inaeleza jinsi konsonanti isiyo ghuna inavyogeuka kuwa ghuna inapofuatwa na silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Mfano wake ni neno la kila siku kabisa: mzizi wa tatu wa Kiswahili ni -datu katika Kinyamwezi. Mtoto wa Bukene anayehesabu kwa lugha ya bibi yake hutamka kanuni ambayo wanafunzi wa isimu husoma katika vyuo vya Ulaya na Afrika.

Kwa upande mwingine, orodha hiyo ya kazi inaonesha pengo la wazi. Kwa takribani karne moja, kazi kuu juu ya Kinyamwezi zimemfasiria msomaji kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza. Msomaji aliyekusudiwa hakuwa mjukuu wa msemaji. Aidha, Kinyamwezi kina irabu saba na toni, ilhali alfabeti ya Kiswahili ambayo mtoto hujifunza shuleni ina irabu tano na haioneshi toni. Anayeandika Kinyamwezi kwa mazoea ya shule hupoteza tofauti ambazo msemaji huzisikia bila shida. Kwa hiyo, hata pale kamusi inapopatikana, hatua ya kutoka ukurasani hadi mdomoni si ndogo.

5.0 Maneno yaliyobaki na maneno yaliyorudi

Ukitazama maneno ambayo yameendelea kuishi, utaratibu fulani unaonekana. Kundi la kwanza ni chakula kisicho na jina lingine. Viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa ni matobolwa. Majani ya mboga yaliyokaushwa ni nsansa. Kiswahili cha sokoni katika ukanda wa Tabora na Shinyanga hutumia maneno haya bila kuyatafsiri, kwa kuwa tafsiri ingehitaji sentensi nzima. Maarifa ya kuhifadhi chakula kwa miezi ya kiangazi yamo ndani ya majina hayo. Anayejua tofauti ya michembe na matobolwa amekwisha kujua mbinu mbili za kukabiliana na njaa.

Kundi la pili ni salamu. Mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya baadaye mchana hazina thamani ya taarifa tu. Huambatana na namna ya kuinama na kupiga makofi taratibu mbele ya mkubwa, na jibu la mhola, lenye asili moja na kupoa kwa Kiswahili, hueleza amani kama hali ya ubaridi. Salamu hizi hudumu kwa sababu habari za asubuhi haijaweza kuchukua nafasi yake ya kupanga nani ni mkubwa na nani ni mdogo.

Kundi la tatu ni mielekeo: sukuma kwa kaskazini, dakama kwa kusini, kiya kwa mashariki na ng'weli kwa magharibi. Maneno haya yana funzo la kihistoria. Kwa mtu wa Unyanyembe, aliyeko kaskazini ni Msukuma. Kwa huyo wa kaskazini, mtu wa Unyanyembe ni Mdakama. Majina ambayo leo huandikwa kama makabila mawili yaliyotengana yalikuwa majina ya upande mtu anakosimama. Bukene, iliyoko kaskazini ya Tabora, ipo katika eneo ambalo jina la mtu lilitegemea nani anamwita. Kupotea kwa maneno ya mielekeo ni kupotea kwa ushahidi kwamba mpaka kati ya Mnyamwezi na Msukuma uliwahi kuwa laini.

Kundi la nne ndilo linalothibitisha hoja ya insha hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi ulipozidi katika maeneo ya Kahama na Nzega, wanavijiji waliunda vikundi vya ulinzi vilivyojulikana kama sungusungu. Kiongozi wa kikundi aliitwa ntemi, na yowe la kuwaita watu wote watoke liliitwa mwano. Takribani miaka 20 ilikuwa imepita tangu utemi ufutwe kisheria, lakini neno lake lilirudi mara tu jamii ilipochukua tena jukumu la kujilinda kwa mkono wake. Vikundi hivyo vilikosolewa kwa haki kutokana na adhabu kali na tuhuma za uchawi dhidi ya wazee, hasa wanawake, na ukosoaji huo haupaswi kufichwa kwa jina la utamaduni. Hata hivyo, kwa upande wa historia ya lugha, tukio hilo linaonesha kwamba maneno yaliyodhaniwa kuwa yamezikwa yalikuwa yakisubiri kazi.

6.0 Ulinganisho na Wacheroki wa Marekani

Mfano wa nje ya Afrika unasaidia kupima hoja hii. Wacheroki wa Marekani walipata mfumo wao wa maandishi mwaka 1821 kutoka kwa Sequoyah, na kufikia mwaka 1828 walikuwa na gazeti lao, Cherokee Phoenix. Wachache kati ya watu wa asili wa bara hilo walikuwa na hazina ya maandishi kama hiyo. Hata hivyo, kuhamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1830 na baadaye shule za bweni za Kiingereza vilikata urithishaji nyumbani, na mwaka 2019 mabaraza ya Wacheroki yalitangaza hali ya dharura kuhusu lugha yao. Juhudi zao za sasa, zikiwamo shule ambazo watoto hufundishwa kwa Kicheroki kuanzia umri mdogo, zinaelekezwa kwenye maneno ya kula, kucheza na kusalimiana.

Tofauti kati ya hali hizi mbili ni kubwa. Kicheroki kilipokonywa nafasi na lugha ya mtawala isiyo na undugu nacho. Kinyamwezi kinabadilishana nafasi na lugha ndugu ya Kibantu iliyojenga umoja wa taifa, na wasemaji wake bado ni wengi. Lakini wingi wa wasemaji haupimi urithishaji. Lugha yaweza kuwa na wazee wengi na shughuli chache. Kinachofanana ni kwamba, katika hali zote mbili, maandishi peke yake hayakutosha.

7.0 Hitimisho

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya historia, mila na maarifa, na inahimiza ziandikwe na kutafitiwa. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, umeonesha njia kwa kuchapisha misamiati kadhaa ya lugha za jamii yenye fasiri za Kiswahili na Kiingereza. Historia ya Bukene inaongeza sharti moja: kila juhudi ya kufundisha maneno ianze kwa kuuliza ni shughuli gani italibeba neno hilo kesho.

Orodha ya wanyama na viungo vya mwili itakaririwa na kusahaulika. Kufundisha michembe wakati wa kuanika viazi, mwangaluka wakati wa kumwamkia babu, na sukuma na dakama wakati wa kumwelekeza mgeni aliyeshuka kwenye treni, ni kufundisha lugha pamoja na sababu yake ya kuwapo. Kiswahili hakina haja ya kuogopa jambo hili. Kilifika Unyamwezi kwa kubebwa na watu waliokuwa na lugha yao, na kilitajirika kwa ikulu waliyoipokea kutoka kwao. Swali linalobaki kwa watafiti, watunga sera na wazazi si kama Kinyamwezi kitakuwa na kamusi, kwa maana kamusi imekuwapo tangu 1915. Swali ni kama mtoto wa Bukene atakuwa na mtu wa kumjibu mhola.