Kutoka Sydney hadi Griffith: safari ya gari ya mtu mmoja

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, safari ni shughuli ya pamoja. Hata abiria wa basi waliopanda bila kujuana hushuka wakiwa wamefahamiana.

Anayeishi Sydney akisoma au akifanya kazi za zamu huweza kupata likizo wakati wenzake wote wako kazini. Hapo hulazimika kuchagua ama kubaki nyumbani ama kushika usukani peke yake.

Njia moja inayomfaa asiye na haraka huelekea magharibi, ikapita Blue Mountains, Bathurst na Cowra hadi Griffith, mji wa mashamba ambao wakazi wake wengi wana asili ya Italia. Umbali wake ni takriban kilomita 600. Mwenye haraka huumaliza kwa siku moja. Anayetaka kupumzika na atenge siku tano, kwenda na kurudi.

Leseni na sheria

Australia huendesha magari upande wa kushoto wa barabara, kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda. Dereva kutoka Kongo au Burundi, aliyezoea upande wa kulia, hana budi kujizoeza kwanza katika mitaa isiyo na magari mengi.

Mgeni aliye katika jimbo la New South Wales kwa muda mfupi anaruhusiwa kutumia leseni ya kwao ikiwa bado ni halali. Leseni isiyoandikwa kwa Kiingereza sharti iambatane na tafsiri au kibali cha kimataifa cha udereva. Tangu Julai 2023, mwenye viza ya muda aliyeishi jimboni kwa miezi sita hutakiwa kupata leseni ya jimbo hilo.

Mwendo wa kawaida ni kilomita 50 kwa saa mijini na 100 nje ya miji, isipokuwa pale kibao kinapoelekeza vinginevyo. Kiwango cha mwisho cha pombe kwa dereva mwenye leseni kamili ni gramu 0.05 katika mililita 100 za damu. Kamera za barabarani huwanasa pia wanaoshika simu na wasiofunga mkanda.

Ikumbukwe kuwa baadhi ya barabara za Sydney ni za kulipia, na malipo hayapokewi kwa fedha taslimu. Anayekodi gari aulize mapema jinsi yanavyolipwa.

Milimani hadi Bathurst

Katoomba, mji ulio umbali wa karibu kilomita 100 kutoka Sydney, unafaa kwa kituo cha kwanza. Hapo msafiri hutazama mabonde yenye misitu na miamba mitatu mashuhuri iitwayo Three Sisters.

Barabara ya kwanza kuvuka milima hiyo ilijengwa na wafungwa chini ya William Cox katika miaka ya 1814 na 1815, kwa miezi sita tu. Ilifungua njia ya walowezi kuingia katika ardhi ya Wawiradjuri, wenyeji wa eneo hilo. Mwaka 1824, baada ya mapigano baina ya pande hizo mbili, serikali ya kikoloni ilitangaza sheria ya kijeshi Bathurst.

Cowra na wafungwa wa vita

Cowra ilikuwa na kambi ya wafungwa wa Vita Vikuu vya Pili, wakiwemo maelfu ya Waitalia. Tarehe 5 Agosti 1944, wafungwa wa Kijapani zaidi ya 1,100 walijaribu kutoroka. Wajapani 231 na askari wanne wa Australia walipoteza maisha. Leo mji huo una bustani kubwa ya Kijapani, iliyofunguliwa mwaka 1979.

Waitalia wengi walioletwa Australia walitekwa Afrika Kaskazini. Wenzao waliopelekwa Kenya walijenga kanisa dogo la Mai Mahiu mwaka 1942, ambalo bado huonekana kando ya barabara iteremkayo Bonde la Ufa. Australia nayo iliwapeleka wafungwa wengi wa Kiitalia kufanya kazi mashambani, na baadhi yao walirejea baada ya vita wakiwa wahamiaji.

Griffith

Mji huu uliasisiwa mwaka 1916 kwa ramani ya Walter Burley Griffin, aliyebuni pia mji mkuu Canberra. Maji ya mto Murrumbidgee yaligeuza nchi kavu kuwa mashamba ya machungwa, zabibu na mpunga. Familia kutoka Veneto na Calabria zilihamia hapa, na urithi wao umo katika mikate, soseji, mvinyo na jumba la makumbusho la Waitalia.

Hatari za njiani

Adui mkubwa wa dereva aliye peke yake ni usingizi, kwa kuwa hakuna wa kumwamsha wala wa kumpokea usukani. Asimame kila baada ya saa mbili, apumzike angalau dakika 15. Aliyetoka zamu ya usiku asianze safari kabla ya kulala.

Kangaruu huvuka barabara zaidi alfajiri na jioni. Ni vyema kufika kabla jua halijatua. Mnyama akitokea ghafla, shika breki bila kukata kona. Wengi hugonga miti kwa kumkwepa.

Kati ya miji, mtandao wa simu huweza kukatika. Tangi lijazwe likifika nusu, na maji ya kunywa yasikose garini. Gari likiharibika, baki karibu nalo. Namba ya dharura ni 000.

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ndiyo miezi yenye hali ya hewa nzuri. Kiangazi, Desemba hadi Februari, huleta joto kali na moto wa nyikani, kama ule ulioteketeza sehemu kubwa ya Blue Mountains mwaka 2019 na 2020.

Mwisho, mtu mmoja ajue njia yako na saa ya kufika, naye apigiwe kila jioni. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili, saa mbili usiku Griffith ni saa sita mchana Nairobi na Dar es Salaam. Miezi mingine ni saa saba. Huo ni wakati mwafaka wa kumwambia mama kwamba umefika salama.