Kwa Nini Hawahami? Toleo la Kale na Siasa za Kilicho Rasmi

Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu Bagamoyo. Tuliyatembelea magofu ya Kaole, tukaliona Boma la Wajerumani, kisha tukasimama ufukweni kuyatazama majahazi yakipakuliwa. Wakati wa kurejea Dar es Salaam basi letu lilipata pancha, na mvua ikatusukuma ndani ya chumba kimoja chenye kompyuta nane kuukuu. Vijana wanane walikuwa wakicheza mchezo wa kufyatuliana risasi ambao mimi mwenyewe niliucheza nilipokuwa mwanafunzi: Counter-Strike, toleo namba 1.6. Toleo hilo lilitoka mwaka 2003. Baadhi ya wachezaji wale walikuwa hawajazaliwa.

Mwanafunzi wangu mmoja alishangaa. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawahami? Hilo ni toleo la wizi, tena limepitwa na wakati. Toleo jipya si linatolewa bure?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Mfululizo mkuu wa mchezo huu umekuwa bure tangu Desemba 2018. Kama sababu ya kung'ang'ania nakala isiyo rasmi ingekuwa ubahili au ukosefu wa fedha tu, chumba kile kingekwisha kuhama zamani. Inatubidi, basi, tutafute sababu kwingine.

Tuanze na asili. Mwaka 1998 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Half-Life. Mwaka uliofuata vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliufanyia marekebisho wakapata Counter-Strike, wakaugawa bure kwa yeyote aliyeutaka. Mwaka 2000 Valve ikaununua na kuwaajiri waliouunda. Kwa hiyo mchezo wenyewe ulizaliwa nje ya duka: ulikuwa kazi ya watumiaji kabla ya kuwa mali ya kampuni.

Toleo la 1.6 lilikuja pamoja na mfumo mpya uitwao Steam. Tangu hapo mchezaji alitakiwa kuwa na akaunti, na kompyuta yake kuthibitishwa kupitia intaneti. Tarehe 31 Julai 2004 mfumo wa zamani ulizimwa kabisa. Nchi gani wakati huo ilikuwa na intaneti ya kutosha kutii agizo hilo? Si yetu. Sisi tulitegemea setilaiti, kwa malipo ya dakika na kwa kasi ya konokono. Mkongo wa SEACOM, wa kwanza wa baharini kufika Dar es Salaam, ulizinduliwa tarehe 23 Julai 2009. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka mitano kasoro siku chache. Kwa muda wote huo kilicho rasmi kilidai kitu ambacho nchi haikuwa nacho.

Ndipo nakala zilizofunguliwa kufuli zilipotufikia, kwanza kwa sidii, baadaye kwa flashi. Nakumbuka mgahawa wa intaneti wa Mwenge tuliokuwa tukikesha. Kompyuta moja iligeuzwa seva, nyingine zikaunganishwa nayo kwa nyaya. Setilaiti ikikatika, waliokuwa wakisoma barua pepe walinung'unika na kudai chenji yao. Sisi tuliendelea kucheza. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 tu ndio uliotuweza.

Lakini mkongo ulikwisha kufika, na vijana wa Bagamoyo bado hawajahama. Hapa iko sababu ya pili, nayo ni ya kijamii kuliko ya kiufundi. Mchezo wa namna hii hauchezwi na mtu peke yake, na kompyuta zenye matoleo tofauti haziwezi kukutana uwanjani. Anayehama peke yake hajaendelea, amejitenga. Ama wahame wote, ama asihame yeyote.

Pwani hii iliwahi kuliishi jambo kama hilo. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizoshuka Bagamoyo na ujira wa wapagazi waliozibeba vilihesabiwa kwa riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zote zilizofuliwa baada yake ziliendelea kuandikwa mwaka huohuo. Mwaka 1858 Austria iliiondoa riale hiyo katika fedha zake halali, lakini ng'ambo haikufa. Katika karne ya 20 ilifuliwa hata London na Bombay, ikiwa bado na tarehe ya 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi na Uarabuni walihesabu hata lulu katika pambo la malkia. Zikipungua, sarafu inakataliwa. Hawakuwa wajinga waliokosa habari za kifo cha malkia. Walitaka sarafu ambayo kila wa upande wa pili angeipokea bila maswali. Thamani yake ilitokana na makubaliano ya watumiaji, si na idhini ya mwenye muhuri.

Sababu ya tatu ni udhibiti. Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023, inahitaji nafasi ya gigabaiti 85 na kompyuta ya kisasa. Ilipokuja haikukaa kando ya toleo lililotangulia bali ilichukua nafasi yake, na wenye mashine dhaifu waliokuwa wakicheza kihalali kabisa wakajikuta nje. Mwenye chumba cha Bagamoyo hakuguswa. Alinieleza kwa maneno machache: "Hili haliombi ruhusa kwa mtu. Nikiwasha, linawaka."

Sisemi haya ili kuupamba uvunjaji wa sheria. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na waandishi wa programu nao wana haki ya kula jasho lao. Zaidi ya hayo, nakala hizi zina gharama zake. Flashi yangu iliyobeba mchezo ule ndiyo iliyobeba pia kirusi kilichofuta sura mbili za tasnifu yangu, nami sikuwa na nakala nyingine. Kilicho nje ya utaratibu hakina wa kumlalamikia.

Ninachokipinga ni uvivu wa fikra unaomaliza mjadala kwa maneno mawili: "wizi" na "ushamba". Watumishi wa umma wanaosoma safu hii wanaijua hali hiyo maofisini mwao. Mfumo mpya wa mtandaoni unazinduliwa kwa hotuba, lakini wananchi wanaendelea kupanga foleni na fomu za karatasi mkononi, au wanamlipa kijana wa steshenari awajazie. Tunawaandalia semina ya kuwaelimisha. Kabla ya semina, afadhali tujiulize maswali matatu. Je, mfumo huu unafanya kazi intaneti ikikatika? Je, unakubali kwenye simu ambayo mwananchi anayo leo? Na siku mwenye mfumo akiamua kuuzima, mwananchi anabaki na nini mkononi?

Majibu yakiwa mabaya, asiyehama si mkaidi. Amepiga hesabu zake, na pengine kazipiga vizuri kuliko aliyeandika mradi.

Mvua ilipokatika, dereva alikuwa amekwisha kubadili gurudumu. Ilinibidi kuwaita wanafunzi mara tatu. Yule aliyeniuliza swali alikuwa amepewa kiti na mmoja wa vijana wale, naye akaniomba dakika tano zaidi.