Bomba la Mwangwi, si Chemba ya Upanuzi

Wanaoliita lile bomba lililotuna tumboni, la skuta ya mipigo miwili, "chemba ya upanuzi" wamekosea mara mbili. Chemba, kwa mkazi wa Dar es Salaam, ni shimo la majitaka lenye mfuniko wa zege. Upanuzi nao unataka mpanuaji: barabara hupanuliwa, bandari hupanuliwa. Moshi hutanuka wenyewe, na walimu wa fizikia wana neno "mtanuko" tangu zamani. Waliolibuni jina hilo hawakuwa na haja ya kwenda mbali.

Hata hivyo, "chemba ya mtanuko" nayo ingetaja nusu tu ya kazi, tena nusu isiyoleta ushindi mbioni.

Mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ aliishughulikia nusu ya pili katika miaka ya 1950. Tundu la moshi linapofunguka, pigo la shinikizo huchomoka na kukimbia ndani ya bomba kwa mwendo wa sauti. Likifika kwenye koni inayopanuka, hurudisha mvuto unaofyonza moshi uliobaki kwenye silinda. Likigonga koni inayosinyaa mwishoni, hurudi kama msukumo, na mchanganyiko mbichi wa petroli na hewa uliokwisha kuponyoka husukumwa ndani kabla pistoni haijaziba tundu. Kufikia 1961, injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25.

Sauti inayokwenda, ikagonga, ikarudi, Kiswahili kimeiita mwangwi siku zote. Ndiyo maana makala hii inashikilia "bomba la mwangwi". Bomba tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni pampu; Waswahili wakalitanua hadi mfereji wa maji na mrija wa moshi. Mwangwi ni la kwetu. Wapo wanaodai ni neno la washairi, halifai gereji. Dai hilo linawadharau mafundi, ambao husikia kwa masikio yao injini "inapoamka" kwenye mzunguko fulani, yaani mwangwi unaporudi kwa wakati wake.

Kwa matumizi: bomba refu huipa Vespa nguvu kwenye mzunguko wa chini, fupi kwenye mzunguko wa juu. Likibadilishwa, jeti ya kabureta nayo huenda ikahitaji kuongezwa. Plagi ikitoka nyeupe, pistoni imo hatarini kuyeyuka.