Sanamu za Mwembe Tayari na wafu wasio na kaburi

Sanamu za shaba za Mwembe Tayari mjini Mombasa, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, zilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Zilibuniwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, ambaye kazi yake ipo pia Nairobi na Dar es Salaam. Maandishi ya sanamu hizo, yaliyo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi iliyotungwa na Rudyard Kipling: anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa, hata la mmoja.

Mahali penyewe palistahili. Inasemekana ni chini ya mwembe wa hapo ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikikusanyika kabla ya kuondoka, na kwa miaka mingi mabasi ya Nairobi yalipakia abiria mtaani humo.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Meja Arthur Wavell aliandikisha kikosi cha Waarabu wa Mombasa, kikapigana pwani ya kusini dhidi ya Wajerumani. Aliuawa Mwele Januari 1916, na ana mnara wake karibu na Fort Jesus. Wapagazi hawakuwa na bahati hiyo ya kutajwa kwa jina. Mwanzoni walichukuliwa kwa mkataba, lakini tangu 1915 sheria iliruhusu kuwalazimisha, na mwaka 1917 msako ulienea wilaya nyingi. Wagiriama wa pwani walikwisha kukataa mapema. Maasi yao ya 1914 yalichochewa kwa sehemu na hofu kwamba vijana wangepelekwa mbali. Waliokufa kutoka Kenya pekee hukadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na kichomi, baada ya kulishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kulala mvuani.

Baada ya vita, tume ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza iliwajengea askari wa Kizungu makaburi yenye jiwe na jina. Kwa Waafrika, watawala walishikilia kuwa kaburi la mtu mmoja mmoja halina maana kwao, wakaacha maziko mengi yamezwe na msitu. Hoja hiyo ni ngumu kuielewa kwa aliyewahi kuishi Mombasa. Siku ya Idi, baada ya swala, familia hushika njia ya makaburi ya Kikowani au Manyimbo. Hung'oa magugu, humwagia kaburi maji, huweka mrehani na kusoma Fatiha na Yasin. Mtoto huonyeshwa kwa kidole yupi ni babu na yupi ni nyanya.

Kwa aliyefia vitani, ibada ilibidi ihamie nyumbani. Madhehebu ya Shafi yanaruhusu kumswalia maiti asiyekuwepo, na hitima husomwa sebuleni kama ambavyo ingesomwa kwa maiti yeyote. Tatizo lilikuwa kwa mke: habari isipothibitika, hajui aanze eda lini, wala urithi haugawiki mpaka kadhi aamue. Wagiriama walikuwa na njia yao tangu zamani, kwa kuwa nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu husimamishwa bomani na si juu ya kaburi. Na jina la aliyepotea lilipewa mjukuu, jambo ambalo lilitekeleza ahadi ya Kipling bila msaada wa serikali.

Hasara ilirudi katika vita vya pili. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo, ikazamishwa karibu na Maldivi na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Safari hii askari hao wa mizinga waliandikwa: majina yao yamo katika kumbukumbu iliyo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, ambako familia inaweza kwenda kuyasoma.

Aprili 2021 tume hiyo ya makaburi, sasa ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti inayokiri kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni, na kazi ya kutafuta majina katika nyaraka za Kenya ikaanza.