Kwa Nini Heroe Hawakai Rusizi

Watu wa Kinama, mtaa ulio kaskazini mwa Bujumbura, wanapofikiwa na mgeni kutoka mbali, na siku ya mapumziko ikawakuta wana nauli mfukoni, aghalabu humpeleka katika hifadhi ya Rusizi, iliyo mwendo wa kilomita 15 hivi kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Gatumba iendayo Uvira. Huko hupandishwa mashua, wakapenyezwa baina ya kuta za matete, wakaonyeshwa viboko waliozama hata yakabaki masikio na pua tu juu ya maji, wakasimuliwa hikaya za Gustave, yule mamba mkubwa ambaye Mfaransa Patrice Faye alimpa jina na kumwandama kwa miaka mingi bila ya kumtia mkononi. Na juu ya fungu la mchanga hukuta mwari wamejipanga weupe, wazito, wenye haya ya wazee. Kisha mgeni, hasa aliyekulia katika nchi ambazo kalenda za ukutani hupambwa kwa picha za Nakuru na Manyara, huuliza: na heroe je, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi siku hizi huwaita flamingo, wako wapi?

Heroe hawana makao Rusizi, na asilaumiwe mlinzi wa hifadhi wala mkata kuni wa Gatumba, ijapokuwa kila mmoja wao ana hesabu yake ya kutoa katika mambo mengine. Sababu ya kukosekana kwao ni mlango mmoja wa maji ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo, pale unapoanzia mto Lukuga karibu na mji wa Kalemie. Na taarikhi ya mlango huo imefungamana na taarikhi ya uwanda wetu kuliko wengi wanavyodhani.

Uwanda wa Imbo, uliolala baina ya milima ya Burundi na milima ya Kongo, ndio upande wa nchi upatao mvua haba kuliko pande zote. Mwenye kushuka kutoka Bugarama hadi Bujumbura huhisi jinsi hewa inavyobadilika kifuani mwake, kutoka baridi ya migomba na chai hadi joto kavu la mikakaya, midelele ya miiba na ile mikoche ambayo kwa ajili yake sehemu kubwa ya hifadhi, iliyo kaskazini mwa delta, ikaitwa Palmeraie, yaani msitu wa minazi ya mwitu. Si jangwa, lakini ni ndugu wa jangwa. Katikati ya ukavu huo hupita mto Rusizi, ambao hutoka Ziwa Kivu, mahali palipo juu kwa takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, ukateremka hadi Tanganyika kwenye mita 770 na kitu, katika safari isiyozidi sana kilomita 117.

Leo mtoto wa shule hajiulizi mto huu unaelekea wapi. Lakini katika karne ya 19 swali hilo liliwatoa watu wazima makwao na kuwavusha bahari. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji hata wakafika Uvira, wakitumaini kwamba mto ulio kwenye ncha ya kaskazini hutoka ziwani na kwenda kuwa chanzo cha Naili. Wenyeji wa Uvira waliwaambia waziwazi kwamba mto huo huingia ziwani, hautoki. Wapiga makasia nao walikataa kuendelea mbele, na safari ikageuzwa ilhali mlango wa mto u karibu. Hapa ndipo mwandishi wa makala hii huona ajabu isiyokwisha: habari iliyotolewa na watu waliouona mto kila siku ya maisha yao ilihesabiwa kuwa ni uvumi, ikabaki uvumi kwa miaka 13, mpaka Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walipotoka Ujiji, wakaingia katika delta kwa mtumbwi, wakaona kwa macho yao kile walichoambiwa wenzao, ndipo kikawa ilimu. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechongwa tarehe 25 Novemba 1871 kwa kumbukumbu ya kulala kwao pale. Jiwe la wale watu wa Uvira waliosema kweli kwanza, halijachongwa.

Basi ikadhihiri kwamba Rusizi huingia, na kadhalika Malagarasi huingia, na vijito vyote vya Burundi huingia. Likazuka swali lililo zito zaidi: ikiwa maji yote haya huingia, je, yanatoka wapi? Maana ziwa lipokealo bila ya kutoa sharti liwe la chumvi, kwa kuwa jua hunyanyua maji na kuyaacha madini, mwaka baada ya mwaka; na maji ya Tanganyika yalikuwa, kama yalivyo leo, maji ya kunywa. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Cameron aliuona mkondo wa Lukuga ukitoka polepole upande wa magharibi. Stanley alipopita hapo mwaka 1876 akakuta matete na tope vimeuziba, maji yamesimama. Ziwa wakati huo lilikuwa likipanda. Haikupita miaka miwili, mnamo 1878, kizuizi kikapasuka, na maji yaliyolimbikizwa yakaporomoka kuelekea Lualaba, na kutoka huko mto Kongo, na kutoka Kongo bahari ya Atlantiki. Kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10.

Na asomaye asimame kidogo juu ya kipimo hicho. Mita 10 si kitu katika ziwa ambalo kina chake hupita mita 1,400. Lakini kwenye uwanda ulio sawasawa kama ule wa kinywa cha Rusizi, mita 10 ni nchi nzima. Ujiji, ambayo Stanley aliikuta ufukweni, leo mnara wake wa ukumbusho umesimama mbali na maji. Na kwetu, mahali pa Gatumba na sehemu kubwa ya delta ambayo leo twaiita hifadhi palikuwa, katika mwaka ule wa mafuriko, sakafu ya ziwa. Delta aliyoingia Livingstone siyo hii tunayoingia sisi kwa mashua. Tunayolinda ni ardhi changa, iliyotolewa majini siku ulipofunguka mlango ulio ng'ambo.

Mlango huohuo ndio uliomnyima heroe riziki yake hapa. Heroe mdogo, ambaye ndiye anayejaza maziwa ya Afrika Mashariki kwa malaki, hali samaki wala konokono: huinamisha kichwa hata mdomo ukageuka juu chini ndani ya maji, ulimi wake ukawa kama pampu ya kuvuta na kusukuma, na vinyweleo vya ndani ya mdomo vikachuja mwani mdogo mno, wa rangi ya kijani, usioonekana mmoja mmoja kwa jicho. Mwani huo hustawi katika maji ya magadi, maji machungu yachomayo ngozi. Na rangi iliyomo ndani yake ndiyo impakayo ndege yule uwaridi, kwani makinda yake huzaliwa ya kijivu. Maji ya magadi ya namna hiyo aghalabu hupatikana katika ziwa lililofungwa. Kwa hiyo ziwa lenye mlango hupata ndagala, mukeke na sangala, na wavuvi, na soko. Na ziwa lisilo na mlango hupata heroe.

Ziwa la namna hiyo lililo mashuhuri kuliko yote ni Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu na ambao lava yake, tofauti na ya volkeno nyingine zote zinazofanya kazi duniani, ni ya magadi. Ziwa hilo hupokea mto Ewaso Ngiro kutoka Kenya pamoja na chemchemi za moto, halitoi tone, na kina chake hakifiki mita 3. Likikauka hufanya gamba lenye rangi nyekundu. Kwa miaka mingi wataalamu waliona heroe kwa mamilioni katika Nakuru, Elmenteita na Bogoria, wasijue wanazalia wapi. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo wa serikali ya Kenya, aliona viota vyao kutoka angani katikati ya Natron, akajaribu kuvifikia kwa miguu. Tope lilimzamisha, magadi yakajaa katika viatu vyake, na alipotoka miguu yake ilikuwa imeungua kiasi cha kulazwa hospitali muda mrefu. Hakuna fisi wala mbweha anayeweza kupita tope lile. Ndiyo sababu heroe hujenga pale vichuguu vyao vya matope na kutaga, kila mmoja yai moja. Ukali wa mahali ndio uliowakinga ndege hawa, karne nyingi kabla ya serikali yoyote kutia saini sheria ya uhifadhi.

Kisha ikaja mvua ya mwisho wa 1961 na mwaka uliofuata, ambayo wazee wa Afrika Mashariki hawajaisahau. Natron ikafurika, viota vikakosa mahali, na mwaka 1962 heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, lenye chumvi kali zaidi. Huko miguu ya makinda ikashikwa na vikuku vya magadi yaliyoganda, hata wakashindwa kutembea. Watu wa kujitolea, pamoja na askari, waliingia ziwani wakawashika makinda mmoja mmoja, wakavunja vikuku hivyo kwa nyundo, wakawaokoa kwa maelfu. Mvua hiyohiyo, kwa upande wetu, iliujaza Mto Rusizi na mito mingine mpaka Tanganyika ikafikia kilele chake mwaka 1964, katika miaka ileile ambayo Burundi, iliyopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ilikuwa ikijifunza kusimama. Lakini Tanganyika ilikuwa na Lukuga, nayo maji ya ziada yakapata pa kwenda, ijapokuwa taratibu.

Ulinzi wa kisheria wa Rusizi ulikuja baadaye, na haukwenda kwa njia iliyonyooka. Mwaka 1980 nchi ilianzisha taasisi ya kuhifadhi maumbile, na Rusizi ikawekwa katika orodha ya maeneo yake. Mwaka 2000 amri ya serikali iliishusha kutoka daraja ya hifadhi ya taifa ikaiita hifadhi ya maumbile, na mipaka ikapunguzwa. Mwaka 2011 ikarudishiwa jina lake la awali. Delta ilitiwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, mwaka mmoja tu baada ya Natron. Juu ya karatasi, basi, mahali hapa pawili pamekuwa jirani.

Ardhini mambo yalikuwa mengine. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatoa watu wengi wa Kinama na Kamenge majumbani mwao, na misitu ya Rukoko, inayopakana na hifadhi, ikawa njia na maficho ya wenye silaha. Na baada ya vita, ng'ombe, shoka na jembe vikaingia mahali bunduki zilipotoka. Sitaki kumhukumu mtu anayekata matete ya kuezekea au kuni za kupikia katika mji uliokua upesi kuliko kazi zake. Lakini ni haki kusema kwamba Natron ina mlinzi ambaye Rusizi haina. Mwaka 2006 palipozuka mpango wa kiwanda cha magadi, ambao shirika la serikali ya Tanzania liliushughulikia pamoja na kampuni ya Tata Chemicals ya India, makelele yalitoka pande zote za dunia, na mwaka 2008 kampuni hiyo ikajitoa. Mwari wa Rusizi hawana watetezi wa namna hiyo. Uzuri wa heroe ni siasa pia.

Katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, huku na huko. Gatumba imefurika mara kwa mara, nyumba zimeachwa, na mamba na viboko wameingia mitaani. Nakuru na Bogoria nazo zimepanua kingo zao, na katika Nakuru maji matamu yaliyozidi yamepunguza chumvi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahama kutafuta maziwa mengine.

Mtu wa Kinama atakaye kuwaona ndege hawa bila ya kupanda ndege ya chuma, njia yake ni ya mpaka wa Kobero, apite Ngara, Nyakanazi, Kahama na Nzega, ashike barabara ya Babati hadi Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, na kutoka hapo vumbi la Engaruka hadi Ngare Sero, ambako waongozaji wa Kimasai humtembeza ukingoni mwa Natron kwa miguu, asubuhi kabla jua halijawa adui. Ila kabla ya kufika Babati atakuwa amepita Singida, mji wenye maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, ambayo heroe huyatembelea, tena karibu kabisa na nyumba za watu. Na wasafiri wengi hulala pale usiku mmoja wakaondoka alfajiri bila ya kuuliza.