Kuandikwa Si Kuajiriwa

Waungwana wa kamati moja, ambao adabu yanizuia kuwataja, wametoa orodha ya istilahi ambamo neno la Kiingereza "enlist" limefasiriwa kuwa "kuajiri askari", na waraka nilioupeleka kuwatanabahisha ulirejeshwa ukiwa na neno moja la wino mwekundu pambizoni: "Imezingatiwa."

Kuajiri asili yake ni ijara, na ijara katika fikihi ni mkataba ambao sharti lake mojawapo ni ridhaa ya pande mbili. Je, wapagazi wa Vita vya 1914 hadi 1918, ambao sheria ya 1915 katika Himaya ya Afrika Mashariki ya Mwingereza iliruhusu watwaliwe kwa nguvu, na ambao kikosi chao kimetuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, hao nao tuseme waliajiriwa? Hasha! Waliandikwa.

Neno lenyewe la Kiingereza limezaliwa na orodha, na orodha hiyo, kabla ya kuwa ya majina, ilikuwa pindo la nguo, kisha utepe, kisha ukanda wa karatasi. Kwetu kuandika kuna upana zaidi ya kalamu: meza huandikwa, chakula huandikwa, maana yake kupanga kitu mahali pake; na askari ni nani ila mtu aliyepangwa safuni? Tena, ilhali Waingereza hutumia kitenzi kile kile kwa aendaye mwenyewe na kwa ampelekaye mwenziwe, sisi husema huyu kajiandikisha, yule kaandikwa, na bwana mwenye daftari ndiye mwandikishaji. Wako pia wapendao "kusajili", kwa kuwa lina harufu ya Kiarabu nao hudhani harufu hiyo ndiyo elimu. Walakini sijili, ambayo Waarabu wenyewe waliipokea kutoka neno la Kilatini la muhuri, ni daftari la hati, basi na wabaki nalo kwa ndoa na magari.

Kwa matumizi ya kila siku: mtu hujiandikisha jeshini; ama kwa maana ya pili ya "enlist", ile ya kupata msaada wa mtu, akitaka auni ya jirani, huiomba tu. Ama "kuruta", walilolitohoa askari wenyewe bila kuhudhuria kikao chochote, silipingi: ndiye aliyekwisha kuandikwa na bado saluti yamshinda.