Boda na Mpaka

Katika mji wa Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mtu akisema "nakwenda boda" haulizwi boda ipi. Ni Tunduma, mwendo wa kiasi cha kilomita 40 kwa barabara kuu, mahali Tanzania inapokoma na Zambia inapoanza. Mtu huyo huyo akisema "niitie boda", haulizwi pia: anataka pikipiki ya kumfikisha stendi. Neno ni moja, asili yake ni Kiingereza, na katika vinywa vya Waswahili limezaa maana mbili zinazopingana. Moja ni mahali pa kusimamishwa. Ya pili ni chombo cha kupelekwa.

Je, Kiswahili kilipungukiwa hata kikaazima? Hasha. Mpaka upo tangu zamani, na jamaa yake ni kupakana. Kitendo hicho hakitendwi na mmoja. Shamba haliwezi kupakana peke yake, sharti liwe na jirani. Tena neno hilo hilo hutaja upeo wa safari na wa wakati: Vwawa mpaka Tunduma, alfajiri mpaka magharibi. Hapo mpaka haumzuii msafiri, bali humwonyesha atakapofika.

Neno la Waingereza lilipita njia nyingine. Waliliokota kwa Wafaransa katika zama za kati, likiwa na maana ya ukingo, hasa ukingo wa nguo. Msomaji wa pwani anao mfano nyumbani kwake: kanga ina mji, ina jina, na ina pindo linalouzunguka mji. Mwingereza hutumia neno moja kwa pindo la nguo, kwa tuta la maua kando ya bustani, na kwa mstari unaotenganisha dola mbili. Mswahili alikwisha kuyagawia mambo hayo majina mbalimbali.

Mstari wa Tunduma ulishonwa mbali. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yale yale ambayo kwayo Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na kisiwa cha Heligoland kikapewa Wajerumani. Hivyo karatasi iliyobadili majaliwa ya visiwa ndiyo iliyopitisha mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ulianzia kwenye mlango wa mto Songwe, ukapanda na mto, kisha ukaelekea magharibi, na barabara iliyoitwa kwa jina la Stevenson, iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo, ikabaki upande wa Waingereza. Wapimaji wa mataifa yote mawili walifika mwaka 1898, na mkataba wa kuithibitisha kazi yao ukatiwa saini Berlin mwezi Februari 1901. Wanamwanga wakajikuta pande zote mbili. Lugha yao haikukatika, wala undugu wao. Kilichokatika ni ramani.

Kwa miaka mingi mstari huo ulikuwa jambo la wakubwa zaidi kuliko la wapita njia. Uliofanywa lango ni ule wa baada ya uhuru. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilitafuta njia nyingine ya kupitishia shaba yake. Na mpaka wa kusini ulipofungwa Januari 1973, haja hiyo ikazidi. Barabara kuu ikatiwa lami, bomba la mafuta likalazwa, na kati ya 1970 na 1975 Wachina, Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Vwawa ikapata stesheni yake. Mlango mmoja ulipofungwa kusini, mwingine ukafunguka kaskazini, ukaleta malori, mihuri, ushuru na foleni.

Ndipo boda lilipopata kazi yake. Halikuja kuung'oa mpaka. Lilikuja kutaja kitu ambacho mpaka haukukitaja: lango, ofisi, wabadili fedha, mahindi yanayosubiri kibali. Na sikio nalo lina hoja yake. Kusema "nitafika mpaka mpakani" ni kujikwaa mara mbili kwenye jiwe moja. "Mpaka boda" huteleza ulimini. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maana ya pili ilizaliwa mbali na Songwe, katika Busia, mji uliogawanywa kati ya Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa huko waliwabeba abiria kwa baiskeli zenye kiti cha nyuma, kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, umbali unaochosha kwa mwenye mizigo. Wakinadi kazi yao walitaja mwanzo na mwisho wa safari: boda, boda. Kwa Waingereza hayo yalikuwa majina mawili ya mahali. Kiswahili, ambacho kina polepole na pikipiki, kikayapokea kuwa neno moja, likawa jina la chombo, la mwendeshaji na la kazi yenyewe. Pikipiki za bei nafuu zilipoenea Tanzania katika miaka ya 2000, jina lilikuwa tayari likizisubiri; mwaka 2010 kanuni za leseni zikaitambua biashara hiyo. Kijana wa Vwawa anayempeleka mgonjwa hospitali au gunia la kahawa sokoni huitwa kwa neno la mpaka, ingawa siku hiyo havuki mpaka wowote.

Si kwamba lango limesahauliwa. Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, serikali ya Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, miezi michache tu baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa na marais wa nchi zote mbili Oktoba 2019. Malori yalisimama. Siku zile boda ilirudi kwenye maana yake ya kwanza, na waliopakana wakatazamana.

Wapo wanaolihuzunikia neno hili, wakiona aibu kwamba lugha yenye mpaka inakopa boda. Huzuni yao ina sababu, lakini imeelekezwa pasipo. Hatari haimo katika kukopa. Imo katika kuuacha mpaka wenyewe ugeuke lango, usahau kupakana. Ikiwa boda litabeba mihuri na minyororo, na bodaboda litabeba watu, basi mpaka na ubaki na kazi yake ya kale: kumkumbusha mtu kwamba ardhi yake inapoishia, ndipo ya jirani inapoanza. Msomaji wa visiwani, ambaye mpaka wake ni maji, analijua hilo tangu utotoni: bahari ile ile inayomtenga na bara ndiyo inayompeleka.